Siku Papa Alipotumwa kwa Kifaransa

J'appelle, tu appelles, il appelle, nous appelons. Hadi leo nikipita karibu na shule ya msingi na kuwasikia watoto wakiimba kitenzi hicho cha kuita, naongeza mwendo. Narudi pale pale mtaani Rughenda, kwenye darasa letu la mbao lenye nyufa za kupitisha vidole, asubuhi yenye baridi ile ya Butembo, mashariki ya Kongo, inayokufanya uandike huku mkono mmoja umeuficha kwapani. Naisikia harufu ya chaki, ya vumbi jekundu lililolowa umande, na ya moshi wa kalitusi kutoka kwenye nyumba za jirani. Tulikuwa tunaimba kwa kelele za kupasua koo, mpaka majirani wote walijua somo letu la siku. Mara kwa mara ndege ndogo ilishuka kwenye kiwanja kilicho karibu, sauti zetu zikamezwa, tukabaki tunafungua midomo bure. Niliipenda sana ndege ile. Ilipopita hakuna aliyeisikia sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa nene kuliko za wenzangu wote, kwa sababu nilikuwa mkubwa mno.

Mkubwa kiasi gani? Acha niseme bila kuzunguka: nilikuwa msichana aliyekwisha kuanza kujifunga kitenge kifuani, nimebanwa kwenye benchi moja na watoto wenye mapengo. Vita vilitufukuza kutoka kijijini kwetu upande wa Beni, tukaacha kakao ikiwa imeanikwa uani, na miaka ambayo wenzangu walikuwa wakisoma mimi niliimalizia njiani na kwenye nyumba za watu. Tulipofika Butembo sikujua Kifaransa hata cha kuomba maji. Direkta wa shule aliniuliza jina langu kwa lugha hiyo, nikamtazama tu, akaandika kwamba niingie mwaka wa tatu. Basi nikaingia. Magoti yangu hayakutosha chini ya meza, nikawa nakaa upande upande. Wale watoto waliniita Mama Masika. "Mama Masika, umetuletea chai?" Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka kengele.

Na kengele yenyewe aliipiga papa, baba yangu mzazi. Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa na ghorofa ya pili. Kijijini papa alikuwa mzee wa kanisa. Alipoingia mahali wanaume walimpisha kiti, na alipokuwa anaongea sisi watoto tulikaa kimya hata kama nzi ametua puani. Mjini hakuwa na shamba wala kiti. Mchungaji mmoja alimtafutia kazi ya planto pale shuleni, yaani mtu wa kupiga kengele, kufagia ofisi na kutumwa huku na huku na kila aliyevaa tai. Siku ya kwanza alinisindikiza mpaka langoni, akasimama, akatengeneza kola ya blauzi yangu. Akaniambia: "Masika, hapa ku masomo, hapana unisalimie kila mara. Niko kazini. Weye soma tu." Nikatii. Nilimpita kama ninavyopita mti, na kila nilipompita nilihisi uso unanichoma.

Mtu asiyetoka kwetu huenda akauliza, kutumwa kuna ubaya gani? Kwetu mtoto hamtumi mzazi, basi. Hata ukiwa na kiu ya kufa, humwambii baba yako "nipe maji". Unamwambia mama, mama anauambia ukuta, na baba anausikia ukuta. Nimeona mtu mzima mwenye wajukuu akisimama nje ya nyumba ya baba yake anakohoa tu, kwa sababu hakujua jinsi ya kumwomba asogee mlangoni. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi nililiona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa hadi nilipokutana na Madame Kavugho na vitenzi vyake.

Madame Kavugho alikuwa mwalimu wetu, mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijani aliyekuwa hachoki. Aliamini kwamba Kifaransa kinaingia kwa miguu na mikono kwanza, ndipo kinafika kichwani. Kwa hiyo alitufundisha kuamuru. Mtoto mmoja anasimama, anatoa amri huku akionyesha kwa mkono, mwingine anaitimiza, kisha aliyeamuru anakwenda ubaoni kuiandika. Ubaoni ndipo palipokuwa na kazi. Appelle ina l mbili, lakini nous appelons ina moja. Jette ina t mbili, jetons moja. Lève inavaa alama kichwani, levons inaivua. Balayer ina y, lakini ukimwambia mtu afagie, y inaondoka na i inakaa mahali pake. Wenzangu walikuwa wanatoa machozi. Mimi, haki ya Mungu, nilikipenda kitu hicho. Nilikuwa nimeona watu wakibadilika kwa siku moja kufuatana na waliyesimama mbele yake, sikuona ajabu kitenzi kufanya hivyo hivyo.

Shida ilikuwa kwenye kutimiza. Kwa kuwa nilikuwa mrefu, nilifikia madirisha na ncha ya juu ya ubao, basi Madame alinichagua mimi niwe wa kuamriwa. Kila siku. Mtoto asiyeweza kujifuta kamasi alisimama na kuniambia "Ouvre la fenêtre!" nami nikafungua. "Balaie!" nikafagia. "Ramasse!" nikainama nikaokota. Nilikuwa na umri wa kuwabeba mgongoni, na wao walinituma kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Papa alikuwa nje uani na ufagio wake. Sikumtazama, na nilimwomba Mungu asinitazame.

Nyumbani, mama alikuwa amechoka na hadithi hiyo. Alikuwa anapanda kilima hadi Musienene siku za soko kununua maharage, anayauza kwenye kibanda karibu na barabara, na mgongo ulimuuma. Alisema msichana wa rika langu anapaswa kumsaidia mama yake mizigo, siyo kuimba na watoto wa maziwa. Halafu direkta akatoa ahadi: baada ya likizo ya Pasaka angekuja darasani mwenyewe, na kama ningeonyesha mbele yake kwamba Kifaransa kimeniingia, angenirusha hadi mwaka wa tano, nikae na watu wanaonifanania. La sivyo, ningerudia pale pale. Mama akasema sawa, ukirushwa utasoma, usiporushwa tunapanda wote Musienene. Nilimfahamu mama. Nilijua kwamba nikipanda naye mara moja tu, shule imekwisha. Nikaanza kufanya mazoezi hata nikiwa msalani.

Siku yenyewe direkta alikuja na suti yake ya kahawia, akaketi karibu na mlango, miguu ameikunja. Nilijua nitaamuru, na nilikuwa nimekwisha kumchagua mtoto mmoja mnene niliyetaka kumtuma mpaka ajute kuzaliwa. Ndipo Madame akasema, bila kututazama machoni, kwamba leo planto atatusaidia. Papa akaingia. Amevua kofia. Amevaa koti lake la kanisani, lile la kijijini, lenye kifungo kimoja. Darasa likaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Nilitamani ndege ishuke. Haikushuka.

Walianza wale wadogo. Papa hakujua Kifaransa, alikuwa anafuata mikono yao. Walimtuma afungue dirisha, akafungua. Walimtuma alifunge, akalifunga. Wakamzungusha, wakamrusharusha, na yeye akatabasamu kila mara na kuinamisha kichwa kidogo kama anavyofanya mtu anayepokea sadaka. Direkta naye alikuwa anacheka, tumbo linatikisika. Kisha akasimama Kambale, mtoto wa mfanyabiashara mmoja, mtoto asiye mbaya hata kidogo, akaonyesha sakafu kwa kidole na kusema "Mets-toi à genoux!" Hiyo ndiyo adhabu tuliyokuwa tukipewa sisi tukichelewa. Papa alitazama kidole, akatazama sakafu, akapiga magoti. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kambale alienda ubaoni, akakosea kuandika, akafuta, akakosea tena, na muda wote huo papa amepiga magoti kwenye saruji, mikono ameiweka mapajani. Hakuna aliyemwambia ainuke. Madame akaita jina langu.

Nikasimama. Mzee wa kanisa, baba yangu, alikuwa chini kuliko mimi, na nilichotakiwa kufanya ni kumtuma kama mtumwa mbele ya watu. Direkta akatazama saa. "Alors?" Nikawaza nikimbie. Nikawaza gunia la maharage na njia ya kupanda Musienene. Papa aliinua uso, akaniambia polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tuko nyumbani: "Sema, Masika. Direkta anangojea."

"Lève-toi," nikasema. Sikuweza kuinua mkono kumwonyesha, lakini alielewa, akainuka. Magoti ya suruali yalikuwa meupe kwa chaki na hakuyapangusa. Nikaenda ubaoni nikaandika, na alama yake kichwani, na nilishukuru kwamba mtu akiandika anawapa watu mgongo. Nilidhani yamekwisha. Direkta akasema bado, nataka ngumu. Basi nikatoa ngumu. "Balaie la classe!" Papa akachukua ufagio. "Jette le papier!" Akatupa karatasi. "Essuie le tableau!" Akafuta, kwa mkono wa koti lake, maana kitambaa hakikuwepo. Na kila amri nilipoitoa sauti yangu ilikaza zaidi, nene, bila kutetemeka, sauti kama ya wale askari wa vizuizini waliokuwa wakitushusha njiani na mizigo yetu. Niliisikia mwenyewe. Nisikufiche, ilikuwa tamu. Mtu aliyetumwa mwaka mzima alikuwa anatuma, na hakukosea herufi hata moja. Papa alikuwa anakimbia. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba hakutembea, alikimbia, ili nisicheleweshwe.

Direkta alipiga makofi, akasema huyu apande mwaka wa tano, darasa likapiga makofi, papa akapiga makofi pia na ufagio ameubana kwapani. Jioni nyumbani alimsimulia mama huku akiigiza kila kitu, jinsi nilivyomfanya akimbie huku na huku kama kuku, majirani wakaja kusikiliza, wakacheka mpaka wakajishika mbavu. "Masika yetu ni komanda!" Mama hakucheka. Alinitazama, akaniongezea maharage kwenye sahani. Tangu siku hiyo nilimchukia Madame Kavugho kwa moyo wangu wote. Yeye ndiye aliyemleta papa darasani. Nilipokuwa mwaka wa tano nilikuwa nazunguka jengo zima ili nisimsalimie, na alipoacha kazi sikwenda kumuaga.

Leo mimi ndiye mwalimu wa Kifaransa, huku Beni, kwenye komini ya Ruwenzori, mojawapo ya kata za mji. Wanafunzi wangu wakisahau l mbili wanaiuliza simu na simu inawajibu bila kucheka. Siwafundishi kuamriana darasani, na wenzangu wananitania kwamba nachota maji na kuleta chaki mwenyewe wakati planto yupo ameketi. Nawaambia napenda kutembea. Papa amezeeka, anaishi kwangu, anaota jua barazani. Nilidhani mambo yale yamelala. Kiangazi kilichopita Madame Kavugho alikuja Beni kwa harusi ya mjukuu wake, akaulizia kwangu. Nilimwona kupitia pazia, amekonda zaidi, anashika fimbo. Nikamtuma mwanangu akamwambie kwamba mama hayupo.

Papa alinisikia. Aliingia ndani akishika ukuta. "Juu ya nini unamufungia mulango?" Basi nikafoka. Mtu mzima mimi, nikalia kama mtoto. Nikamwambia papa, yule mwanamke alikupigisha magoti mbele ya batoto, alinifanya nikutume wewe, baba yangu, na sijawahi kukutazama vizuri tangu siku hiyo. Papa akakaa kitandani kwangu.

"Madame hapana aliniita," akasema. "Ni mie njo nilimuomba. Nilikuwa nafagia inje, naona ku dirisha. Kila siku batoto badogo banakutuma. Okota. Fagia. Inama. Mutoto wangu mukubwa, banamutuma! Donc nikamwambia Madame, siku ya direkta, muache huyu mutoto, banitume mie. Akakatala. Nikarudi tena. Alilia, ule mama. Mais nikamwambia, mie nimezeeka, hainiumi."

Wakati ule aibu yangu ilikuwa ya kitoto, nilitaka ardhi inimeze na nikajua wa kumlaumu. Ya sasa haina wa kulaumiwa, na imekuja nikiwa na nyumba, kazi na watu wanaoniamkia njiani. Nilijifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikafungua mlango. Mwanangu, ambaye hajui kumfukuza mgeni, alikuwa amemwambia Madame kwamba mama hayupo na papo hapo akamletea kiti. Ukuta wetu ni wa mbao. Alikuwa ameketi hapo nje na amesikia kila neno. Akaanza kuinuka kwa fimbo yake ili anisalimie. Mimi nikapiga magoti mbele yake barazani, mchana, majirani wanatazama, mikono nimeiweka mapajani kama papa siku ile.