Nyumba ya Ng'ambo

Jirani yangu anapaka mtumbwi wake lami, na harufu imenifuata mpaka jikoni. Ndiyo harufu ya ule mlango ulioandikwa namba kwa lami, wa nyumba ambayo baba alitaka kuinunua karibu na stesheni.

"Huku njo karibu na kazi," alimwambia mama. "Iko ya matofali, iko na bati."

Mama alikuwa bado anapapasa ukuta polisi alipoingia. Hakupiga hodi. Alifunua mtungi wa maji kwa fimbo akitafuta mayai ya mbu, akachungulia chini ya kitanda, akatutazama mmoja mmoja, akatoka. Mwenye nyumba hakuacha hata kumenya muhogo wake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mchana tulivuka mto kwa mtumbwi kwenda kuona nyumba ya pili, ya udongo na majani. Mama hakujua kuogelea. Kucha zake zilizama begani mwangu njia nzima. Kule ng'ambo mlango ulikuwa wazi, lakini baba alisimama mbali nao, akapiga hodi, nasi tukangoja mpaka bibi mmoja akaitikia, "Karibuni."

"Tununue hii," mama alisema.

"Nitavuka kila siku, mama ya mutoto. Ule muto umeuona."

"Nimeuona."

Tukainunua. Kila jioni nilisimama na mama ukingoni, tukitafuta kofia ya baba kati ya vichwa vya mtumbwini. Kucha zake zilikaa begani mwangu, mahali palepale, mpaka tulipoiona.