Mchambua vifaranga na kuku wake Bi Madaha

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajanawa uso wake mwenyewe, mwanamke mmoja ameinamia beseni la maji ya vuguvugu, anaosha mguu wa kuku.

Kuku ametulia mapajani kama mtoto aliyezoea kuogeshwa. Kinachomshughulisha ni kifungo cha pili cha gauni la mwenye kumuogesha. Anakidonoa, anapumzika, anakidonoa tena.

"Kila siku kifungo hikihiki," mwanamke anamwambia. "Hukinai, mwenzangu?"

Kuku huyo anaitwa Bi Madaha. Jina alipewa na wifi wa mwanamke huyu, anayeishi chumba cha jirani, siku alipomwona akivuka ua: hatua moja, kuyumba, kusimama kidogo kama anayesubiri kupigwa picha, kisha hatua nyingine. Mguu wake wa kushoto umetoka nje tangu kwenye nyonga, umeelekea ubavuni. Uzito wote unabebwa na mguu wa kulia, na ndiyo maana unyayo wa mguu huo hauishi vidonda.

Matunzo yake ni kazi ya kila siku. Maji ya chumvi asubuhi, kitambaa safi, mafuta kidogo. Maranda laini ndani ya kreti analolalia, kwa kuwa hawezi kupanda juu ya mti kama kuku wengine. Kopo la chakula limefungwa kwa waya usawa wa kifua chake, asilazimike kuinama akaanguka. Kucha za mguu wa kushoto hazigusi chini zikachakaa, hivyo hukatwa kila Jumapili kwa kikata kucha cha familia. Mume hajaambiwa hilo. Tuliombwa tusiliandike, na tunaomba radhi.

"Kuku anaoga maji ya moto, sisi binadamu tunaoga ya baridi," wifi anasema akipita na ndoo yake. "Wifi, ukizaliwa tena niambie unapozaliwa, nije niwe kuku wako."

Mwanamke anacheka, anamfuta kuku mguu, anavaa viatu. Saa kumi na mbili na nusu anatakiwa awe kazini. Na kazi yake, kwa miaka kumi na tisa sasa, ni kutupa kuku wa namna hiyo.

Kazini wanamwita Jicho. Ni mchambuzi katika kituo cha kutotolesha vifaranga. Mayai hukaa ndani ya mashine siku ishirini na moja, na kila Jumanne na Ijumaa milango inafunguliwa, trei zinatoka zimejaa kelele. Chumba cha kuchambulia kina joto la kumtoa mtu jasho na vumbi la manyoya linalokaa kwenye kope. Kwenye meza ndefu ya bati, Jicho husimama mkono wa kulia, upande wenye mwanga.

Anamchukua kifaranga, anamgeuza, anatazama kitovu kama kimefunga. Macho. Mdomo. Miguu. Yote hayo kwa muda wa kupepesa. Mzima anaingia kwenye boksi la mia moja, na kila boksi linaongezwa wawili wa zawadi kwa mteja. Mwenye kasoro anaingia kwenye ndoo nyeusi iliyo karibu na goti lake, na ndoo hupelekwa nyuma ya jengo. Hakuna mfanyakazi anayesema zaidi ya hapo. "Nyuma ya jengo," wanasema, wanabadili mazungumzo.

Kwa saa moja anachambua vifaranga elfu moja na mia nane. Mshahara wake, karibu nusu unaliwa na kodi ya vyumba viwili, lakini sifa yake haina mshindani. Wafugaji wengine hupiga simu kuuliza kama Jicho yuko zamu ndipo waagize.

Wale anaowazungumzia leo wana jina lao pale mezani: msamba. Ni kifaranga ambaye miguu yake imeteleza, mmoja huku mwingine kule, hawezi kusimama. Katika vifaranga elfu kumi na mbili wa zamu moja, hupatikana thelathini hivi wa msamba.

Bi Madaha alikuwa mmoja wao. Miaka miwili iliyopita, zamu ilipokwisha, Jicho aliinama kuosha ndoo iliyokwisha kumwagwa. Kifaranga mmoja alikuwa amebaki, amebana kwenye ukingo wa chini. Alipomchukua, kifaranga alidonoa kifungo cha koti lake.

Kwa nini alimchukua? Mwandishi aliuliza mara mbili, na mara zote mbili jibu halikuwa la kupendeza.

"Sijui. Watu wanataka niseme nilimwonea huruma. Sikuwa na huruma siku ile, nilikuwa na njaa na mgongo unauma. Nilimtia mfukoni tu, nikasahau kwamba nimemtia mfukoni."

Alimkumbuka alipofika nyumbani. Wifi alipomkuta akimfunga kifaranga kwa uzi kwenye mguu wa meza, asije akaburuzika hadi chini ya kitanda, alikunja mikono. "Kweli kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Haya, supu lini?"

Supu haikuja. Kifaranga alikula, akapiga kelele, akajifunza kujiburuza kwa bawa. Siku ya kumi na moja daktari wa mifugo alikuja kituoni kwa habari ya chanjo. Jicho alimleta mgonjwa wake kwenye boksi la viatu, akamvizia daktari karibu na geti.

Daktari alimgeuza kifaranga, akauvuta mguu, akauachia. Mguu ukarudi palepale ubavuni.

"Ana siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi mama, umechelewa. Ungeniletea siku ya kwanza, tungemfunga plasta ndogo kutoka mguu huu hadi huu, miguu ikae pamoja. Siku tatu, nne, anatembea kama wenzake. Sasa nyonga imeshajifunza njia yake."

Daktari alisema hivyo kama anayetaja saa, akapanda pikipiki yake. Jicho alibaki getini.

"Plasta," anasema sasa, na anatoa kidole kuonyesha urefu wake, pingili mbili. "Ile ya kufunga kidole ukijikata na kisu. Siku zote nilikuwa nasikia samaki mkunje angali mbichi, nikidhani wanasema watoto. Kumbe na mimi nilikuwa nao wabichi mkononi, kila Jumanne na kila Ijumaa, nawatia kwenye ndoo."

Alianza kupiga hesabu: thelathini kwa kila zamu, zamu mbili kwa wiki, kwa miaka yote ile. Alipofika mwaka wa tatu aliacha, na hajaijaribu tena.

Alikwenda kwa meneja. Meneja si mtu mbaya. Ni mtu wa saa. Alimjibu kwamba mkono unaofunga plasta ni mkono usiochambua, na kifaranga mmoja hana thamani ya dakika mbili za mtu. Jicho akarudi mezani. Kazi ni kazi. Kwa miaka miwili alichambua mchana, jioni akapokelewa mlangoni na Bi Madaha, hatua moja, kuyumba, kusimama.

Miezi mitatu iliyopita mkono ulimkatalia.

"Nilimshika wa msamba, mkono ukaenda kwenye boksi. Nikasema huyo mmoja tu. Akaja mwingine, mkono ukaenda tena. Walifika tisa."

Hakuwa amewaponya; alikuwa amewapitisha tu wakiwa vilevile. Mfugaji alifungua boksi nyumbani kwake akakuta vifaranga wamelala na miguu nje, akapiga simu kwa hasira. Boksi lilikuwa na alama ya Jicho. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake, yenye sentensi aliyoishika kichwani: kosa jingine la aina hii litamaliza ajira yako.

"Na alikuwa na haki," anasema. "Yule mfugaji nilimpa shida zangu akidhani nimempa kuku."

Alipoitwa kwa meneja kuijibu barua hiyo, alikwenda na kreti. Aliliweka sakafuni mwa ofisi, akafungua mlango. Bi Madaha akatoka, akaangalia kushoto na kulia kama mkaguzi, akaanza safari kuelekea kwenye viatu vya meneja. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika, akaanza kudonoa kamba ya kiatu.

"Mbona anatembea hivi?" meneja aliuliza.

"Kwa sababu nilichelewa," Jicho alijibu.

Meneja alikiri kwa mwandishi kwamba alikusudia kumkatalia. "Lakini nimefanya kazi ya kuku miaka yote hii, sijawahi kumwona kuku mkubwa aliyetoka kwenye ndoo. Huwa tunawaona wakiwa na siku moja, basi." Alitoa masharti: wa msamba kumi na wawili, wa kundi moja, na wafungwe wakati wa mapumziko ya chai ya Jicho mwenyewe. Wasiposimama, habari ya plasta isirudi tena ofisini kwake.

Jumanne ya wiki iliyopita Jicho hakunywa chai. Aliwafunga kumi na wawili. Kabla hajawaweka chini ya taa, meneja alitia nukta ya wino wa buluu chini ya bawa la kila mmoja. Jumatano mmoja alikufa. Alhamisi Jicho alifika kazini saa moja kabla ya wakati, akakaa tu, akiwatazama wakigombea maji.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kukata plasta, na mwandishi alikuwepo. Mkasi mdogo, mafuta ya kula kidogo ili gundi iachie. Wa kwanza alianguka. Jicho akamweka pembeni. Wa pili alisimama, akayumba, akakimbia. Walipokwisha wote, wawili walikuwa bado wamelala na tisa walikuwa wamesimama.

Meneja hakupiga makofi. Kituo huwabakisha vifaranga hamsini wa kila kundi chini ya taa kwa wiki moja, kuangalia kama kuna ugonjwa. Aliwachukua wale tisa, akawamwaga katikati ya hamsini waliozaliwa nao siku moja, akakoroga kwa mkono.

"Haya, Jicho. Nitolee wako."

Wafanyakazi waliacha meza zao. Jicho aliinama, akatazama miguu kama alivyoitazama kwa miaka kumi na tisa. Akamtoa mmoja, akainua bawa. Hapakuwa na wino. Akamtoa wa pili, akamkagua muda mrefu zaidi. Hapakuwa na wino. Wa tatu vilevile. Wa nne alikuwa nao, lakini yeye mwenyewe akasema, "Huyu nimebahatisha." Alipowakosea wa tano na wa sita alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Siwaoni," alisema. "Bosi, siwaoni."

Kisha alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na hakuona haya kwa vyote viwili.

Kuanzia mwezi ujao atapewa kona ya meza, taa moja, na plasta za kituo badala ya zake. Ataruhusiwa kuwafundisha wenzake wawili, na chai yake atakunywa kama watu wengine. Meneja amesema wataangalia kwa miezi mitatu, na Jicho anajua maana ya neno "tutaangalia". Anajua pia kwamba wenye vitovu vilivyo wazi na wale wasio na macho bado njia yao ni ileile ya nyuma ya jengo. Hilo hajalipatia dawa.

Jioni anaporudi, Bi Madaha yuko mlangoni. Anapakatwa, mguu unatazamwa, kifungo kinadonolewa. Wifi anatoa kichwa dirishani kuuliza mgonjwa ameshindaje, na safari hii hataji supu.

"Watu wanadhani namtibu," Jicho anasema, akiushika ule mguu wa kushoto, ambao hata ukivutwa hurudi palepale. "Mguu huu haunyooki tena. Mimi kila asubuhi namwomba radhi."

Anamshusha kuku chini taratibu, anasubiri mpaka apate mizani.

"Sina ndoto kubwa. Natamani siku moja tu, kabla sijastaafu, zamu iishe, niiinamie ile ndoo, nikute haina cha kuoshwa."