Shuka za Kitanda cha Saba

Dobi wa hospitali alikuwa na ulimi mwepesi, na ulimi huo ndio uliomponza mdogo wake. Siku moja, akikamua shuka na wenzake, alisema kwa utani, "Mdogo wangu yule akikasirika, ataua mtu." Wakacheka, yeye akacheka kuwashinda. Wiki haikuisha, mdogo wake, fundi mwashi, akagombania ngazi na kibarua mwenzake, akampiga mguuni kwa ubao. Kibarua alipofariki, mpishi wa hospitali, ambaye hata hakuwepo pale kwenye mabeseni, alipanda kizimbani kueleza alichoambiwa kwamba dada mtu alikisema. Jaji akaona hiyo ndiyo nia ya kuua, akamhukumu mwashi kunyongwa.

Sasa uchungu wenyewe uko hapa. Kibarua alilazwa hospitali hiyohiyo, kitanda cha saba, akiwatania wauguzi. Siku kumi na moja kidonda hakikusafishwa. Dobi alijua, maana shuka zake zilimfikia mara moja tu, usaha umekauka juu ya usaha, akatoka nje kutapika. Hakusema. Msimamizi alikwisha kuwaambia, "Anayetaka kazi afue. Anayetaka kusema, geti lile pale." Naye ana watoto watatu na mume aliyeingia mitini. Wakili wa rufaa alipomuuliza kama kuna anayejua habari za kidonda kile, alijibu, "Mimi nafua tu, mwanangu." Ulikuwa uoga, tusiupambe.

Siku ya rufaa alikaa benchi la tatu. Majaji waliyatupilia mbali maneno ya mpishi: ni ya kuambiwa, na aliyeyasema hakuitwa. Hukumu ya kunyongwa ikafutwa. Dobi akamshukuru Mungu kwa sauti, karani akamtolea macho.

Wakili akaendelea: kilichomuua marehemu si ubao, ni uzembe wa hospitali.

"Shahidi wako yuko wapi?" jaji mkuu wa kikao akauliza.

Wakili akafungua faili, akalifunga. Shahidi alikuwa benchi la tatu, ameinamia viatu vyake.

Kuua bila kukusudia, miaka kumi na mitano.

Askari aliwapa dakika moja. Mdogo mtu akamshika ile mikono iliyobabuka kwa dawa ya kufulia.

"Dada, ndugu wote wamenikimbia. Wewe tu hukuniacha. Mungu akulipe."

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema.

Mchana alikuwa kazini. Juu ya rundo zilikuwepo shuka za kitanda cha saba, za mgonjwa mwingine, nazo zilinuka vilevile. Akafungulia maji.