Makofi Yaliyoombwa Kurudishwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Vwawa enzi ya Mwingereza, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, ufunguo wa kabati na tamthilia ya kale ya mtawala aliyeuawa na rafiki zake. "Lifundishe darasa la juu zile hotuba mbili za mbele ya maiti," akasema. "Mkaguzi wa Elimu akija atazitazama jukwaani. Zikiharibika, kazi huna." Nilikuwa mwalimu wa majaribio, na kwetu Nanyala nilikuwa nimeshajigamba vya kutosha.

Nilizitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Wanafunzi niliwafundisha takriri, yaani kurudia neno moja mpaka lichome, na swali la balagha, yaani swali lisilongoja jibu. Nilidhani nayajua hayo mambo.

Siku yenyewe wazazi walijaa uwanjani, Mkaguzi ameketi mbele kando yangu. Mwanafunzi aliyeigiza muuaji akaeleza kwa utulivu kwamba ameua kwa kuipenda nchi. Wazee wakapiga makofi ya taratibu, yale ya barazani kwetu, ambayo yakishapigwa shauri limefungwa. Hilo sikulifikiria, mwalimu mzima mimi, na bado ilibaki hotuba moja.

Akapanda rafiki wa marehemu. Hakumlaumu mtu. Aliwasifu wauaji, akarudia kuwasifu, na kila akirudia sifa zilizidi kuchacha. Kisha akafunua sanda. Akina mama wakaketi chini kama wako msibani. Maneno yale niliyaandika kwa mkono wangu, na bado yaliniogopesha.

Mzee wa baraza akasimama, akasema kwa Kinyiha, lugha yetu. Mkaguzi akanigeukia. "Anasemaje?"

Ningeweza kusema anashukuru, mambo yakaisha. Nikamwambia kweli: "Anasema, 'Mwalimu, tumewapigia makofi wauaji. Tunaomba kuyarudisha.'"

Mkaguzi aliwatazama wazee. "Kwa hotuba moja tu," akasema polepole. "Na hakumtukana mtu." Akavaa kofia yake. "Kazi unayo. Lakini hotuba hiyo usiifundishe tena."

Nikahamishiwa Ihanda, darasa la kwanza, nikafundisha a, e, i, o, u mpaka nikastaafu. Wajukuu hunicheka, ati mtaalamu wa hotuba aliishia kwenye irabu. Wacheke tu. Lakini hata leo, mtu akihutubia vizuri na watu wote wakasimama kushangilia, mikono yangu hubaki mapajani. Nangoja kwanza asikike na wa pili.