Mfadhili Alipoondoka Baba Dogo

Everline Nabiswa aliletwa Nairobi na ndoa, na ndoa yenyewe haikudumu. Daktari aliposema kwamba binti yao, Shirleen, ana mtindio wa ubongo, kwamba hatatembea na kwamba kumlisha kutataka subira ya Ayubu, mumewe aliaga anakwenda kutafuta kazi Mombasa, akapotelea huko. Everline alikuwa akishona sare katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo. Alimbeba mtoto mgongoni hadi kazini, mpaka msimamizi akamwambia kiwanda si kliniki. Akaacha kazi.

Kanisani alikutana na akina mama wengine wenye watoto kama wake. Wakaomba chumba cha nyuma, wakagawana zamu: wawili walibaki na watoto, wengine wakaenda vibarua. Hakuna aliyekipa kituo hicho jina. Watu walisema tu, "kwa Mama Shirleen."

Mtaa ulikibeba. Wachinjaji wa Kiamaiko walileta mifupa ya supu kila Ijumaa. Mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa Eastleigh alitoa mabaki, yakashonwa nepi. Seremala jirani, Ng'ang'a, aliwapima watoto kwa kamba mmoja mmoja, akawaundia viti vyenye mikanda ya kushika kifua, na mtoto alipokua, alikirudia kiti akakipanua. Siku ya harambee, Everline alisimama uwanjani akamtaja kila aliyetoa, hata aliyeleta kipande cha sabuni. Alikuwa na kipaji hicho: ukimpa kidogo, unaondoka ukijiona mwenyeji wa pale.

Shirleen alifariki kwa homa ya mapafu kabla hajafikisha miaka kumi. Everline alimzika kwao Bungoma, akarudi kituoni upesi kuliko ilivyotarajiwa. Watoto walikuwa wakimngoja, na nyumbani kulikuwa kimya mno.

Mfadhili alikuja mwaka uliofuata. Lilikuwa shirika la ng'ambo, na msemaji wake hapa nchini alikuwa msichana mpole aitwaye Kate, ambaye siku ya kwanza alilia alipoona watoto wakilishwa. Kate alisema kazi nzuri kama hii haifai kuishi kwa kuomba mifupa. Wakakodi jengo zima, wakaajiri wataalamu wa kunyoosha viungo, wakaleta viti vipya vya magurudumu. Watoto waliokuwa wamekakamaa wakaanza kuinua shingo. Hilo lilikuwa kweli, na Everline hakulisahau hata baadaye.

Kwenye bodi ya kituo alikuwapo mwalimu mstaafu, Kweyu, mweka hazina. Katika mkutano mmoja alisema jifya moja haliinjiki chungu, akaomba harambee iendelee hata kama ni ndogo. Everline alijua kwamba mfadhili hakupenda michango isiyo na risiti. Akajibu kwamba watu wa mtaa wamechangia vya kutosha, waachwe wapumzike. Aliamini alichosema. Ijumaa iliyofuata, kijana wa Kiamaiko alizuiwa langoni na mifupa yake kwa sababu jikoni kulikuwa na kanuni mpya za usafi. Viti vya Ng'ang'a vikarundikwa uani. Mvua ikavinyea, mpishi akavipasua kuni.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Kate alipiga simu. Serikali ya huko kwao mfadhili imefunga mfuko, alisema. Hakuna pesa za mwezi ujao, na yeye mwenyewe hana kazi.

Everline alikwenda kwanza kwa Ng'ang'a. Alimkuta akipiga randa mlango. Alimweleza yote, akamwomba awasemeshe majirani waitishe harambee. Ng'ang'a alizima redio, akamvutia kigoda.

"Mama Shirleen, sisi hatukukasirika," alisema. "Tulijua tu mmepata watu wenu."

"Watu wangu ni nyinyi."

"Sawa. Lakini hukuja kutuambia."

Ng'ang'a aliahidi kuwasemesha watu, na aliwasemesha. Harambee ilifanyika. Walikuja wachache, wakatoa kwa heshima kama watu watoavyo matangani, wakaondoka mapema. Wachinjaji wa sasa walikuwa vijana wasiomfahamu. Mwenye duka la Eastleigh alikuwa ameshahama. Alipokwenda kuuliza chumba cha kanisa, alikuta kimekuwa darasa la chekechea.

Siku ya kufunga kituo, akina mama walikuja kuchukua watoto wao. Everline alitaka kuwaomba msamaha, lakini kila mmoja alimshukuru kabla hajafungua kinywa, na shukrani hizo zilimuumiza kuliko matusi. Mwalimu Kweyu alikaa kando akikunja mablanketi. Hakumkumbusha neno lolote la mkutano ule. Mama wa mwisho, Jecinta, alimpakata bintiye Tiffany, akauliza, "Sasa kesho nitamwacha na nani?" Hakuwa akilaumu. Alikuwa akiuliza kweli, kwa kuwa alfajiri ilimbidi awe Gikomba akiuza mitumba.

Siku hizi Everline hufulia watu nguo. Akimaliza, hupita kwenye ploti anakoishi Jecinta. Mlango huwa umefungwa kwa kufuli, na Tiffany yuko ndani peke yake, amelazwa kwenye mkeka. Everline huketi kizingitini, akasema naye kupitia upenyo wa bati. Humweleza nani kaoa, nani kahama, bei ya nyanya imefika wapi. Tiffany haongei, ila akisikia sauti hiyo hupiga kisigino sakafuni, kisha hupiga tena. Majirani wamewazoea. Jua likiuacha ukuta, Everline husimama, akamuaga, na kisigino kile huendelea kupiga hata akiwa ameshafika langoni.