Walionisamehe Mapema

Walisema sitashika tena jembe. Hawakusema mbele yangu, maana mbele yangu watu huchagua maneno, lakini mtelemko wetu una tabia ya kupandisha sauti. Mtu akiongea shamba la chini, aliye juu anamsikia kama yuko naye jikoni. Nilikuwa nimekaa barazani, blanketi mpaka kidevuni, na wanawake wawili walikuwa wakipalilia viazi huko chini kwenye ukungu. Sikuwaona. Niliwasikia tu.

"Yule? Jembe hatashika tena."

"Hata kijiko ni kazi. Umeviona vidole?"

"Na alivyokuwa anatamba!"

"Acha, mwenzangu. Usimcheke mtu anayeondoka."

Kutamba nilitamba, na bado natamba, kwa sababu cha kutambia ninacho. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada. Ni ya umeme, niliisomea Dar es Salaam huku nikilala stoo ya duka nililokuwa nalilinda ili nipate ada. Nilifanya kazi huko miaka mingi, kisha nikarudi Lushoto kwa hiari yangu, wakati wenzangu wanarudi kwa kushindwa kodi ya chumba. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, na hakuna mtu aliyenichangia hata msumari. Pampu inayopandisha maji kutoka bondeni mpaka kwenye matuta yangu ya karoti na liki niliifunga kwa mikono yangu. Na nilipoanza kulima nilitangaza kwamba sitaazima siku ya mtu. Nitalipa vibarua.

Kwetu, watu huazimana siku. Ukizidiwa na shamba, jirani anakuja na jembe lake anakulimia kutwa. Humpi fedha, ukimpa umemtukana. Anakudai siku, na siku moja utakwenda kumlimia. Deni hilo linaisha kwa njia mbili tu: ulilime, au ufe. Ukifa, baada ya mchungaji kumaliza sala, msemaji wa familia huuliza kama yupo anayemdai marehemu. Ndipo waliokuazima siku husimama mmoja mmoja pembeni mwa kaburi na kusema, "Siku yangu nimeiacha." Maneno hayo hayasemwi mahali pengine. Mtoto mdogo akiyasema kwa mchezo hupigwa kofi.

Ugonjwa wangu ulikuwa kansa ya utumbo mpana. Nilikuwa nimeona damu chooni muda mrefu, nikaiita bawasiri, nikaendelea kufunga nyaya na kupanda liki. Mpaka nilipofika hospitali Dar, ilikuwa ni upasuaji kwanza, halafu dawa za dripu, mzunguko baada ya mzunguko. Nilikuwa nashuka kwa gari mpaka Mombo, napanda basi, nachomwa dawa, narudi mlimani kusubiri zamu nyingine.

Daktari alinionya nisiguse kitu cha baridi, maana dawa ile inafanya baridi iume. Alikuwa mtu wa pwani, na hakujua anamrudisha mgonjwa wapi. Kilikuwa kipupwe. Komeo la mlango lilinipiga shoti. Maji ya bomba yalinipiga shoti. Mimi nimepigwa na umeme wa kweli kazini zaidi ya mara moja, naijua ladha yake, na nasema ilikuwa ileile, ila hii haikuwa na swichi ya kuzima. Hata kuvuta hewa ya asubuhi, koo lilikaza kama limeshikwa na mkono. Nilivaa soksi mikononi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kila niliporudi kutoka Dar nilikuta matuta yamepaliliwa. Nilidhani mke wangu analipa vibarua. Siku moja, nikiota moto jikoni, nilifanya hesabu kichwani nikaona haiwezekani. Kila tulichokuwa nacho kilikuwa kimekwenda kwenye nauli na dawa.

"Nani analima kule?" nikamuuliza.

Alisogeza kuni. "Nimeazima."

"Umeazima nini?"

"Siku."

"Za nani?"

"Baba, uliza za nani sijaazima."

Alizitaja zote bila kusita. Mzee wa kanisa anayekaa juu yetu. Majirani wa upande wa mfereji. Wale wawili wa viazi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilikasirika mpaka kovu la tumbo likavuta. Kisha nikamwambia, "Sawa. Nitalipa." Akanimiminia uji.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja asubuhi, ukungu umefika dirishani, ameshika mayai kwenye kikapu kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke, usiinuke." Alikaa, akasifia moto, akaulizia bei ya karoti. Halafu akageuza uso akatazama nje, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. "Ile siku yangu," akasema, "nimeiacha."

Mke wangu aliacha kukoroga chungu.

"Haiachwi, mzee," nikasema.

"Nimeiacha kwa moyo mweupe."

"Moyo mweupe baki nao. Siku yako nitailima."

"Lini, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole. Angeuliza kwa dharau ningemjibu, maana dharau naijua. Upole ule ulinifikia kwenye mifupa. Aliacha mayai, akaondoka, na mke wangu akayatoa nje yote akawapelekea watoto wa jirani. Hatukula hata moja.

Baada yake walifuata wengine. Mmoja alisema mlangoni, hata hakukaa. Mwingine alileta sukari na kulia kabla hajasema. Walikuja kwa nafasi, kama watu waliopangana, na kila mmoja alipotamka maneno yale nilihisi konzi ya udongo imetua juu ya blanketi. Nilikuwa hai, nakunywa uji, nasikiliza maziko yangu yakifanyika kwa awamu ndogo ndogo. Nilianza kuogopa hodi. Mbwa akibweka njiani, mke wangu alinitazama, nami nikamtazama, tukajua tunafikiria mtu mmoja.

"Shangazi bado hajaja," alisema siku moja.

"Najua."

Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema yeye, basi imesemwa.

Alikuja siku ya soko, akitokea Lushoto mjini na kabichi kichwani. Hakupiga hodi. "Onga makeo," aliamkia kwa Kishambaa, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini. Yeye huita asubuhi mpaka ale chakula cha mchana. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia mara moja. Alinivua soksi ya mkono mmoja, akakiangalia kiganja, akanirudishia.

"Nakudai siku," akasema.

Nilivuta blanketi juu.

"Tena si siku ya kupalilia. Nilizibua mfereji wako, matope mpaka hapa. Usidhani utajificha na blanketi lako. Marahaba."

Nilicheka. Kovu liliniuma nikaendelea kucheka, na mke wangu akajifuta macho kwa khanga, akasingizia moshi.

Dripu ziliisha. Daktari aliweka picha zangu kwenye mwanga akasema hakuna kinachoonekana, kwa sasa. Nirudi kwa vipimo, na tena, na tena. Watu husikia "hakuna kinachoonekana" wakapiga vigelegele. Mimi nilipanda mlima na lile neno la mwisho. Kwa sasa. Lilipanda na mimi kuanzia Mombo, likapinda kila kona, likaingia nyumbani.

Mikono haikurudi. Baridi iliacha kuuma, lakini ganzi ilibaki kwenye vidole na nyayo. Ndala ilinitoka njiani nikatembea bila kujua, mpaka mke wangu akaniuliza nimeiacha wapi. Siku ya kwanza nilipojaribu jembe, mpini ulichomoka nikiwa naapa kwamba nimeushika. Jembe likaruka likatua tuta la chini. Mkono ulikuwa bado umefumba. Ulikuwa umeshika hewa.

Mtu asiye na elimu angekata tamaa pale. Mimi ni fundi. Nilichukua utepe mweusi wa kufungia nyaya, nikauzungusha kwenye mpini mpaka ukanenepa na kunata. Nikajifunza kuangalia mikono yangu badala ya kuihisi, kama mtu anayesimamia vibarua wawili wavivu. Miguu hivyo hivyo. Matuta yetu ni ya ngazi na mtelemko ni mkali. Unyayo usiohisi ukingo unaweza kukutupa mpaka kwenye bustani ya mtu. Nilikanyaga kwa macho.

Nilipoweza kulima kutwa bila kuangusha jembe, nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Alitoka akiwa bado na mswaki mdomoni.

"Nimekuja na siku yako."

"Ile nilishaiacha. Mkeo alisikia."

"Alisikia yeye. Kaburi langu halijasikia."

"Mwanangu, tusiyachezee haya maneno."

"Sichezi, mzee. Nionyeshe tuta."

Mkewe aliita kutoka ndani, "Mwonyeshe tuta, baba! Au unataka kwanza cheti cha daktari?"

Nililima. Mzee alikaa kwenye jiwe kutwa nzima, hakunipa kisogo hata mara moja. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. Nilipomaliza hakunishika mkono.

Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu. Nilidhani watasema nimepona. Nilitaka waseme, sifichi. Nilitaka nipite njiani nisikie kutoka shamba la chini, "Yule fundi ni chuma." Badala yake nikasikia hivi:

"Umeona anavyolipa?"

"Haraka haraka."

"Mtu anayebaki hana haraka hiyo. Huyo anasafisha njia."

Sauti zilikuwa za wale wale wawili wa viazi, na siku zao nilikuwa nimezilipa wiki ile ile. Nilisimama na jembe begani. Niliangalia chini, nyayo zangu ziko ukingoni kabisa mwa tuta, nami sikuwa nimehisi.

Akabaki shangazi. Nilimwendea, akasema udongo umelowa. Nikarudi, akasema umekauka. Mara goti linamuuma hawezi kunisimamia, mara mbegu haijafika. Shangazi hajawahi kusubiri mbegu tangu nimjue.

"Shangazi, unanizungusha."

"Nani anakuzungusha? Deni ni langu. Nitalidai nikitaka."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa ulime vibaya," alisema, akaenda kumwangalia mbuzi wake ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu. Aliendelea kumenya viazi muda mrefu. "Anaona ukimaliza," akasema, "hakuna kitakachokushika."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona chakula kimechelewa."

Wakati wa vipimo ulikaribia. Siku chache kabla ya kushuka, maumivu madogo yalianza chini ya kovu, upande wa kushoto. Hayakuwa makali. Yalikuwa yanakuja, yanakaa kidogo, yanaondoka, kama mtu anayepita kuangalia kama nipo. Sikumwambia mke wangu. Niliamka nikachukua jembe langu lenye utepe, nikaenda shamba la shangazi bila kumuaga. Sikutaka kushuka Mombo nikiwa na siku ya mtu, na sikutaka mtu yeyote asimame kwenye udongo aiache.

Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nililiona tuta moja tu, lile nililosimama. Nililima hilo, likatokea jingine. Shangazi alinikuta nimefika katikati. Nilisikia fimbo yake kabla sijamwona.

"Nani amekuruhusu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Nimekuuliza."

"Nalipa."

Nilidhani atanifukuza, na kwa umri wake na heshima yake ningeondoka. Kisha akasema, "Lima kwa kina, basi. Usinikwaruzie shamba kama kuku."

Nililima kwa kina. Maumivu yalikuja mara mbili. Nilisimama nikajifanya naondoa mawe. Mara ya pili yeye aliangalia mkono wangu uliokuwa umeshika kovu, sio mawe. Mchana aliniletea makande, tukala. Jua lilipolegea, tuta la mwisho lilikuwa limegeuzwa, jeusi, limelingana. Hakuna mtu katika mtelemko ule angelima vizuri kuliko vile, mwenye vidole au asiye navyo.

"Nimemaliza," nikasema. "Sidaiwi na mtu."

Ilinitoka kwa sauti kubwa, na ukungu ukaibeba juu. Nilitegemea kuhisi fahari. Nilihisi wepesi, na wepesi ule sikuupenda hata kidogo.

Shangazi alininyang'anya jembe. Alianza kushuka kwa njia ya kwangu, goti lake likimvuta upande, mimi nyuma yake nikiangalia nyayo zangu. Alipita nyumba yangu, akampita mke wangu aliyesimama na ndoo, akaingia kwenye liki. Pale pembeni palikuwa na kipande kisicholimwa. Akainama akalima. Alipumua kwa shida, lakini alilima mpaka kipande kikaisha, kisha akanirudishia jembe.

"Haya. Nakudai."

"Sijaazima, shangazi."

"Nimekuuliza? Ukitoka Dar utakuja kunilipa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi siazimi, kila mtu anajua. Mke wangu alikuwa ananitazama, ndoo mkononi.

"Ulichonilimia hakifiki hata robo siku," nikasema.

"Basi utakuja robo siku. Na uwahi. Mimi sina tabia ya kuacha vyangu."