Karani Asiyekwenda Matembezini

Simu ilisema karani wa mizani wa soko la samaki Mwaloni ameanguka kazini na kufariki. Dada yake Selina alipiga magoti kuomba, lakini hofu ikamvuruga: nani atambeba kaburini? Kila Ijumaa wenzake walipokwenda kula nyama choma, kaka yake alibaki akipangusa magamba mikononi na kupuliza chai ya chupa polepole. Walipopanga kutembelea kisiwa cha Saanane, alisema kwa sauti ya chini, "Tangulieni."

"Kaka, kaa nao hata kwa soda moja," Selina aliwahi kumsihi.

"Soda moja inazaa kreti, mdogo wangu." Alikuwa akijenga nyumba Busisi.

Huko Busisi mchungaji alishafungua Biblia, na kando ya jeneza walisimama shemeji wawili tu na wazee wachache. Selina akatazama barabara. Ndipo lori la soko likaingia limejaa watu. Otuoma, mbeba dagaa na mtani wa marehemu, akazuia jeneza.

"Misiba yetu yote bahili huyu alikesha nasi, ila nyama alitukimbia. Leo hakimbii, anatoka na sisi."

Watu wakacheka huku wanalia. Wakambeba mabegani, wakamshusha taratibu. Selina akatupa udongo kaburini, akasema amina.